UZI MAALUMU: Afya ya akili kwa mawakili, tuanzie kwenye kalenda ya kesi na siri ya mteja

MezaYaUtetezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mawakili wasomi, makarani, wanafunzi wa sheria na ninyi mnaoishi na mawakili nyumbani, karibuni wote.

Wakili aliyeelemewa huambiwa yale yale anayoambiwa mfanyakazi yeyote: lala mapema, fanya mazoezi, chukua likizo. Ni maneno ya kweli, lakini yeye akienda likizo, ukomo wa muda wa kufungua shauri hauendi naye. Rufaa ina siku zake, mahakama ina tarehe zake, na wakili wa upande wa pili analipwa kutafuta kosa lake. Juu ya hapo kuna siri ya mteja, inayomzuia hata kumweleza mwenzi wake kwa nini hakulala. Msimamo wangu ni kwamba msaada usiogusa kalenda ya kesi na usiri haumfikii wakili, hata ukitolewa kwa nia njema kiasi gani.

Ukubwa wa jambo lenyewe: mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa Hazelden Betty Ford Foundation (taasisi ya tiba ya uraibu) na American Bar Association (ABA, chama cha mawakili cha nchi hiyo), uliohusisha karibu mawakili 13,000 walio kazini. Asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona, 19 za wasiwasi uliopitiliza, 23 za msongo, na takriban 21 walikunywa pombe kwa kiwango chenye madhara. Hao wa pombe walikuwa wengi zaidi miongoni mwa walio ndani ya miaka 10 ya mwanzo ya kazi, kundi ambalo ofisi nyingi hulihesabu kuwa bado lina nguvu. Kisha mwaka 2021 International Bar Association, chama cha mawakili cha kimataifa, ilitoa ripoti yake ya dunia nzima. Humo asilimia 41 walisema hawawezi kuzungumzia hali yao na mwajiri bila kuhofia kuharibu kazi zao.

Tutenganishe mambo matatu, maana dawa zake ni tofauti.

Msongo unafuata tukio. Kesi kubwa ikisikilizwa na kwisha, mwili unatulia ndani ya siku chache.

Uchovu wa kazi umeelezwa na Shirika la Afya Duniani katika ICD-11 (orodha yake ya kimataifa ya magonjwa) kama hali itokanayo na kazi, na halikuuita ugonjwa. Una alama tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi (wateja wote wanaonekana wasumbufu au waongo), na ufanisi umeshuka. Hapa kinachotibiwa kwanza ni mzigo wenyewe. Ukimpa mtu mapumziko ya wiki mbili kisha ukamrudishia majalada yale yale, atarudi alipokuwa muda si mrefu.

Sonona haisubiri kesi. Shauri likiahirishwa haiondoki, ukishinda haiondoki, na inakufuata hata kwenye vitu ulivyovipenda. Dalili zikidumu siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi, mtu amwone mtaalamu wa afya. Kubadilisha ratiba peke yake hakutoshi.

Kwa kujipima kuna madodoso mafupi matatu:

WHO-5 ni ya ustawi wa jumla: kauli 5, kila moja alama 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4. Chini ya 52 ni ishara ya kuchunguza zaidi. Wastani wa mawakili katika ripoti ile ya 2021 ulikuwa 51.

PHQ-9 ni ya sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, jumla 0 hadi 27. Kuanzia 5 ni dalili ndogo, 10 za kati, 15 za kati zinazoelekea ukali, 20 kali.

GAD-7 ni ya wasiwasi: maswali 7, jumla 0 hadi 21, na mipaka yake ni 5, 10 na 15.

Alama 10 na zaidi kwenye PHQ-9 au GAD-7 maana yake ni miadi na mtaalamu. Dodoso peke yake halimtaji mtu kuwa mgonjwa.

---

Mwanafunzi_wa_Uwakili

Asante mkuu. Swali: ofisi inaweza kuwapa mawakili wake wote PHQ-9 kila robo mwaka, ili mkuu wa ofisi ajue nani yuko hatarini?

---

Nasaha_Taratibu

Hapana, na nisisitize hili kabla halijasambaa. PHQ-9 ina swali la tisa linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Anayekusanya majibu lazima awe na uwezo wa kuchukua hatua siku hiyo hiyo, na mkuu wa ofisi hana. Matokeo yake huwa mawili: mtu anaandika sifuri kila mahali kwa kuogopa mwenzake atapandishwa cheo badala yake, au anaandika ukweli na karatasi inakaa kwenye droo. La pili ni la hatari sana.

Ofisi ikitaka kujua hali ya watu wake ipime kazi. Ihesabu saa zilizoandikwa kwa kila wakili, siku za likizo ambazo hazikutumika, barua pepe zinazotumwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, idadi ya majalada kwa kila mtu na maombi ya dharura ya kuahirisha. Namba hizo tayari zipo na hazimvui mtu nguo.

---

MezaYaUtetezi

Nakubaliana. Niliyaweka madodoso kwa mtu kujipima mwenyewe faraghani.

---

SiriYaMteja_Kwanza

Kikwazo ninachokisikia mara nyingi ni hiki: "Nitamwambiaje mshauri nasaha kinachonisumbua bila kuvunja siri ya mteja?" Wengi wanaishia hapo hapo, hawaendi. Njia ipo, ila inataka maandalizi.

Kabla ya kikao, toa majina, mahali, tarehe, kiasi cha fedha, jina la mahakama na aina mahususi ya shauri. Baki na athari kwako. "Nina shauri lenye picha za mtoto aliyeumizwa, na picha zinanijia nikiwa naendesha gari" inatosha kabisa kwa mshauri kufanya kazi yake. Hahitaji kujua nani alishtakiwa. Ukijikuta unasimulia mwenendo wa kesi, umetoka kwenye tiba umeingia kwenye jalada. Simama, rudi kwenye usingizi, hasira, hofu, mwili.

Kama shauri lilishatangazwa magazetini, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu maelezo mawili tu yanamtambulisha mteja.

Kikao cha kwanza muulize mshauri maswali haya kabla hujafunguka. Unaandika nini kwenye kumbukumbu, zinakaa wapi, nani anaweza kuziona? Naomba mambo ya kesi yasiandikwe kabisa, unakubali? Ni hali zipi zitakufanya uvunje siri yangu? (Kwa kawaida ni hatari kwa uhai wako au wa mwingine, mtoto aliye hatarini, au amri ya mahakama, atamke mwenyewe.) Je, huwa unaitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu? Hili la mwisho watu hulisahau. Mshauri anayetoa ushahidi mara kwa mara katika mashauri ya ndoa au ya watoto anaweza kukaa kizimbani ukimhoji wewe mwenyewe mwezi ujao. Tafuta mwingine.

Halafu malipo. Kama analipa mwajiri au bima, uliza fomu ya madai inaandikwa nini na nakala inaenda kwa nani. Watoa huduma wengi humpa mwajiri idadi tu: watu wangapi wametumia huduma. Katika ofisi ya mawakili 200 hiyo ni siri. Katika ofisi ya watu wanne, "mtu mmoja ametumia huduma" ni sawa na kutaja jina. Ofisi ndogo zijiunge kwa pamoja chini ya mkataba mmoja ili takwimu zichanganyike.

Miadi usiiweke kwenye kalenda ya ofisi ambayo sekretari anaiona. Andika "nje ya ofisi" na tumia simu na barua pepe yako binafsi.

---

Hakimu_Mstaafu_X

Niongeze kuhusu vyama vya mawakili vyenye mpango wa kusaidia wanachama. Kabla ya kupiga simu, ulizia kwa maandishi kama kitengo cha msaada kimetenganishwa na kitengo cha nidhamu: watumishi tofauti, kumbukumbu tofauti, mlango tofauti. Kanuni za mfano za ABA, kifungu 8.3(c), zinaondoa wajibu wa kuripoti utovu wa maadili wa wakili mwenzako kwa habari ambazo wakili amezipata akishiriki katika mpango wa msaada ulioidhinishwa. Kifungu cha namna hiyo kikikosekana, wakili anayejitolea kumsikiliza mwenzake anaweza kujikuta analazimika kumripoti mtu aliyekuja kuomba msaada. Vyama vinavyoanzisha mpango mpya vianzie kwenye kifungu hicho kabla ya kutangaza namba ya simu.

Na tusiwasahau mahakimu na majaji. Wao hawana hata wa kunywa naye chai baada ya kesi, maana kila wakili aliye karibu anaweza kuwa na shauri mbele yao. Azimio la Nauru kuhusu ustawi wa mahakimu na majaji lilipitishwa tarehe 25 Julai 2024, na mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya jambo hilo. Kwa vitendo, kinachowasaidia ni makundi madogo ya watu wa ngazi moja kutoka maeneo tofauti, wanaokutana kwa ratiba na kuongozwa na mtaalamu wa nje.

---

Tabibu_Mkesha

Upande wa tiba, niyaseme yale yanayowakwamisha mawakili hasa.

Dawa za sonona za kundi la SSRI. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, na matokeo kamili hupimwa wiki ya 6 hadi ya 8. Madhara (kichefuchefu, tumbo kulegea, kutotulia, usingizi kuvurugika) huja wiki ya kwanza, kabla ya faida. Kwa hiyo isianzwe mkesha wa kesi kubwa. Mwambie daktari kalenda yako mpange wiki tulivu. Ila kama hali ni mbaya, kesi ndiyo isogezwe, dawa isisubiri. Watu huharibu mara mbili: wiki ya pili wanaacha kwa kuona haifanyi kazi, au mwezi wa tatu wanaacha kwa kuona wamepona. Kawaida inaendelezwa angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu kamili, kisha inapunguzwa taratibu chini ya daktari. Kuikata ghafla huleta kizunguzungu, hasira na usingizi mbovu, na mgonjwa hudhani ugonjwa umerudi.

Na angalizo: siku za mwanzo, hasa kwa vijana, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Mtu wa karibu ajue kuwa dawa imeanza.

Dawa za kutuliza za kundi la diazepam. Zinapendwa kwa sababu zinafanya kazi ndani ya saa moja. Lakini zinapunguza umakini na kumbukumbu, vitu ambavyo ndivyo kazi yenyewe ya wakili, na mwili huzizoea ndani ya wiki chache. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama.

Propranolol kwa mtetemo wa mikono na moyo kwenda mbio ukisimama mahakamani. Daktari ndiye aiandike. Mwenye pumu asiiguse. Na jaribio la kwanza lifanyike siku ya kawaida nyumbani, kwa sababu inaweza kushusha shinikizo la damu na mapigo ya moyo.

Pombe. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni unywaji wa hatari. Sasa naomba mlisome hili mara mbili: anayekunywa sana kila siku ASIACHE GHAFLA peke yake nyumbani. Kutetemeka na jasho vinaweza kuanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa kukali kuanzia saa 48 na kuendelea. Hali hiyo inaua. Hospitalini wanampa dawa za kumvusha na vitamini B1. Mwenzako akikwambia "kesho naacha kabisa," swali la kwanza ni anakunywa kiasi gani na kama asubuhi hutetemeka.

Usingizi. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata baada ya usiku mbaya na hata wikiendi. Hiyo ina nguvu kuliko saa ya kulala. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Hukumu na hati zisisomwe kitandani. Nusu ya kafeini hubaki mwilini saa 5 hivi baada ya kunywa, hivyo kahawa ya mwisho iwe saa nane nzima kabla ya kulala. Pombe inaleta usingizi haraka na kuuvunja nusu ya pili ya usiku. Ndiyo maana wengi huamka saa tisa usiku moyo ukidunda.

---

Karani_wa_Masjala

Mimi nizungumze kama masjala inavyoona. Karani huona mapema kuliko mwanandoa. Bahasha hazifunguliwi. Maombi ya kuahirisha yanatumwa asubuhi ya kesi. Simu za wateja zinapokelewa na "mwambie nipo mahakamani". Ankara haziandikwi hata kwa kazi iliyokwisha. Kulinganisha akaunti ya wateja na taarifa ya benki kunachelewa mwezi mmoja, kisha miwili. Na kuna jalada moja linalohamishwa meza kwa meza bila kufunguliwa.

Jalada hilo ndilo ninalotaka kulieleza, maana wengi hulitafsiri kuwa ni uvivu. Kila mara wakili anapoliweka kando anapata unafuu wa dakika chache, na unafuu huo ndio unaomfundisha kuliweka kando tena. Siku zinapita, aibu inaongezeka, na kulifungua kunazidi kuwa kugumu. Kumkaripia kunaongeza aibu, kwa hiyo kunaongeza kuahirisha. Kinachofanya kazi:

1. Mtu wa pili aketi naye. Asiwe mkubwa wake wa kazi.
2. Wafungue jalada kwa dakika 25 tu, saa ikiwa mezani. Hakuna kuandika hoja, hakuna kutafiti.
3. Kwenye karatasi moja waandike vitu vitatu: hatua ya mwisho iliyofanyika, tarehe ya ukomo, hatua ndogo inayofuata na tarehe yake.
4. Hatua hiyo ifanyike siku hiyo hiyo kama ni barua au simu.

Ofisi ikiwa imezidiwa yote, fungueni bahasha zote kwanza, kisha mafungu matatu: yenye tarehe ndani ya siku 14, yenye ukomo wa muda ndani ya miezi 3, na mengine. Fungu la tatu msiliguse mpaka mawili ya kwanza yapate mtu na tarehe. Kosa la kawaida ni kuanza na majalada mepesi ili "kupunguza idadi".

---

SiriYaMteja_Kwanza

Karani umenena. Na kama ukomo umeshapita? Hapo ndipo mtu hufikiria mambo mabaya, kwa hiyo hatua ziwe wazi. Usirekebishe tarehe, usiandike barua yenye tarehe ya nyuma. Mwambie msimamizi wako siku hiyo. Mjulishe mtoa bima ya makosa ya kitaaluma kabla ya kukiri wajibu kwa mteja, kwa kuwa mikataba mingi ya bima inadai taarifa ya haraka na inakataza kukiri bila ridhaa yao. Kisha mteja aambiwe ukweli wa kilichotokea na ashauriwe kutafuta wakili huru, kwa sababu sasa masilahi yenu yanagongana. Angalia pia kama sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda. Ugonjwa wenye uthibitisho wa daktari huwa miongoni mwa sababu zinazopimwa. Ukomo uliopita mara nyingi una njia ya kushughulikiwa. Nyaraka iliyoghushiwa ndiyo huondoa leseni.

---

Dada_wa_Jinai

Kwa wanaofanya kesi za ubakaji, mauaji, watoto na wakimbizi: mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, wa mwaka 2013 unatambua kuwa mtu anaweza kupata kiwewe kwa kukutana mara kwa mara na maelezo au picha za ukatili kwa sababu ya kazi, hata kama hakuwapo. Kwa hiyo tahadhari ianze kwenye namna ya kushughulikia ushahidi.

Jalada liwe na ukurasa wa mbele unaosema ndani mna nini na ukurasa gani, ili mtu asikutane na picha bila kujiandaa. Video itazamwe kwanza bila sauti. Sauti ndiyo inayobaki kichwani muda mrefu kwa watu wengi. Punguza dirisha liwe dogo, ondoa rangi, ongeza ukubwa pale tu hoja inapohitaji. Mtu mmoja aandike maelezo kamili yenye dakika na sekunde, wengine wasome maandishi. Hakuna sababu ya watu watano kuangalia kitu kile kile. Usiangalie nyumbani, wala usiwe mwisho wa siku. Weka kazi nyepesi ya dakika 15 baadaye, isiyo ya skrini.

Ukitaka kumsimulia mwenzako, omba ruhusa kwanza na sema uzito wake: "Nina jambo zito la kesi, una nafasi sasa?" Anza na jinsi ulivyoathirika, maelezo ya picha mara nyingi hayahitajiki.

Picha zikiendelea kurudi zenyewe, ukikwepa mahali au watu, ukishtuka ovyo au ukafa ganzi kwa zaidi ya mwezi mmoja, tafuta mtaalamu anayetibu kiwewe. Uulize hivyo hivyo kwa jina, maana si kila mshauri amefunzwa kazi hiyo.

---

Mhasibu_wa_Saa

Wakuu wa ofisi, hesabu hii ni yenu. Tuchukue lengo la saa 1,800 za kutoza (zinazolipwa na wateja) kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 48, ni saa 37.5 kwa wiki. Lakini si kila saa ya ofisini inatozeka. Kama robo tatu ndiyo inayotozeka, wakili anatakiwa awe kazini saa 50 kila wiki, bila wiki mbaya hata moja.

Sasa mtu akaugua wiki 4. Lengo lisipopunguzwa, amerudi na deni la saa 150. Mmempa likizo kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mwingine. Sera iandike waziwazi kwamba lengo linapungua kwa uwiano, na kwamba bonasi inapimwa kwa lengo lililopunguzwa. Vikao vya ushauri na vya kuwasimamia wachanga viandikiwe namba ya kumbukumbu katika mfumo wa saa, vihesabike. Anayeandika muda wake kwa vipande vya dakika 6 anaona kila dakika isiyo na namba kuwa hasara, na hatakwenda.

---

Mwanafunzi_wa_Uwakili

Swali gumu kidogo. Nikihisi mwenzangu anafikiria kujiua nifanye nini? Naogopa nikiuliza nitampandia wazo.

---

Nasaha_Taratibu

Swali zuri sana, mdogo wangu. Kuuliza hakupandi wazo. Uliza kwa maneno yenyewe: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Ukiuliza "si unafikiria mambo ya kijinga, eti?" umeshamwambia akatae.

Akijibu ndiyo, msikilize bila kumhubiria. Uliza kama ana mpango, kama ana njia karibu, na lini. Mwenye mpango na njia asiachwe peke yake hata kidogo. Njia hiyo iwekwe mbali naye, na apelekwe huduma ya dharura au hospitali ukiwa naye. Usimwahidi kutunza siri. Mwambie: "Nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, na nitakwambia ni nani."

Halafu jambo la kiwakili: muulize kesho na wiki hii ana tarehe gani, na uzichukue mbele yake. "Ya kesho nasimama mimi, ya Alhamisi tumeiombea kuahirishwa." Mara nyingi kifua kinalegea hapo.

Hatari ikishapoa kidogo, mtaalamu humsaidia kuandika mpango wa usalama wenye sehemu sita: dalili za kuonya, anachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa mawazo, watu wa kuomba msaada, wataalamu na namba za dharura, na namna ya kuondoa vitu vya hatari. Ukurasa mmoja, kwenye simu na kwenye pochi. Wewe mpigie siku inayofuata, na tena wiki inayofuata. Muwe macho zaidi baada ya barua ya nidhamu, tuhuma za fedha za wateja, au siku za mwanzo baada ya kutoka hospitali.

---

Ofisi_ya_Mtu_Mmoja

Na sisi tusio na mwenza wa ofisi? Nikilazwa kesho hakuna wa kunishikia.

---

MezaYaUtetezi

Mkuu, makubaliano ya maandishi na wakili mmoja wa nje, yafanywe ukiwa mzima. Yawe na mambo haya: ni tukio gani linayaamsha (barua ya daktari, au simu ya mtu uliyemtaja baada ya siku kadhaa za kutopatikana), ruhusa yake ni ipi (kuomba kuahirisha, kulinda ukomo, kuwajulisha wateja) na ipi hana (kusuluhisha kesi, kupokea ada), ukaguzi wa mgongano wa masilahi kabla hajafungua jalada lolote, na malipo yake. Barua yako ya kukubali kazi ya mteja iwe na sentensi inayomjulisha mteja kuwa mpango huo upo, apate nafasi ya kuridhia.

Orodha ya majalada isasishwe kila Ijumaa: namba, mahakama, tarehe inayofuata, ukomo, jalada liko wapi. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa au programu ya kutunzia nywila yenye ruhusa ya dharura.

Barua kwa mahakama ikihitajika, daktari aandike kwamba hufai kwa kazi kuanzia tarehe fulani hadi fulani na lini utapimwa tena. Jina la ugonjwa si lazima, na barua ikishaingia kwenye jalada la mahakama inaweza kusomwa na wengi.

---

Ofisi_ya_Mtu_Mmoja

Asante. Na akaunti ya wateja? Saini ni yangu peke yangu.

---

Mhasibu_wa_Saa

Hilo lizungumze na benki na chama chenu mapema, kwa sababu kanuni za fedha za wateja mara nyingi zinataka mwenye saini awe wakili mwenye leseni hai, na ndugu yako au sekretari hawezi kuongezwa hivi hivi. Kama inaruhusiwa, muongeze yule wa kwenye makubaliano kama msaini wa akiba kwa hali mliyoiandika, na benki ipewe nakala. Tengeneza pia karatasi ya kila mwezi inayoonyesha kila senti ni ya mteja gani. Bila karatasi hiyo hata mwenye saini halali hawezi kulipa, na mteja anayesubiri fedha zake ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuandikia malalamiko ukiwa bado wodini.